Washtakiwe kama watu wazima? Basi mtangoja sana

Ujumbe wa sauti uliingia kwenye grupu ya mtaa baada ya isha, kutoka kwa mzee mmoja ambaye kwa kawaida hututumia dua za Ijumaa na matangazo ya maji kukatika. Safari hii alikuwa moto. Vijana wa panga walikuwa wamepita tena Kisauni, huku kwetu Mombasa, wamemkata mkono mwenye duka kwa ajili ya simu mbili na mauzo ya siku, na aliyekamatwa ana miaka 16. "Huyo si mtoto," akasema mzee. "Anayeweza kushika panga ni mtu mzima. Apelekwe mahakama ya wakubwa, afungwe kama wakubwa, tumalizane." Chini yake zikafuatana "Amin" kama vile mtu ameomba mvua, na mmoja akaongeza kwamba haya mambo ya miaka 18 tuliletewa na wazungu.

Sikujibu usiku ule. Najibu hapa, ambapo hakuna admini wa kunitoa.

Niseme mapema nisije nikaitwa mtetezi wa wezi: mimi naishi huku huku. Duka lililokuwa likifungwa saa nne usiku sasa lashusha mlango magharibi ikiadhiniwa. Mtu wa boda anakataa kuingia njia za ndani hata umwongeze hamsini. Kijana wa miaka 17 anayemvizia mtu gizani anajua anachokifanya, na asiniletee mtu habari za ubongo ambao haujakomaa. Mwenye duka hakukatwa na ubongo. Nakubali pia, shingo upande, kwamba miaka mitatu ya Borstal, yaani kituo cha kurekebisha vijana waliohukumiwa, ambayo ndiyo kikomo cha pale Shimo la Tewa, kwa mtu aliyetoa roho ya mwenzake ni adhabu inayonikwama kooni.

Lakini hebu tuulizane, mnachodai ni kitu gani hasa? Mahakama ya wakubwa mbona tayari wanapelekwa. Mtoto akishtakiwa kwa mauaji hapa Kenya, Mahakama ya Watoto haiwezi kuisikiza kesi hiyo. Inakwenda Mahakama Kuu, kwa jaji yule yule wa kina baba. Sheria ya Watoto ya 2022 imepandisha umri wa kuwajibika kwa jinai kutoka miaka 8 (ndiyo, nane, mtoto wa darasa la pili) hadi 12, na aliye chini ya 14 huchukuliwa kwamba hajui jema na baya mpaka ithibitishwe vingine. Huyu wenu wa miaka 16 hana hata kinga hiyo. Atashtakiwa, atajibu, atahukumiwa.

Kama ni ukali wa adhabu, wizi wa mabavu kwa mtu mzima adhabu yake kitabuni ni kifo. Kifo! Na Kenya haijamnyonga mtu tangu 1987, na wenye miaka 25 wanaendelea kushika panga kama kawaida. Sijapata kusikia kijana wa maskani akisema, "Jamani tuharakishe, mwezi ujao natimiza 18."

Kinachonikosesha usingizi mimi ni muda.

Septemba 2, 2017, bweni liliteketea katika Shule ya Wasichana ya Moi, Nairobi. Wasichana 10 walikufa. Aliyeshtakiwa alikuwa mwanafunzi mwenzao wa miaka 14. Si kwamba alibembelezwa: alishtakiwa kwa mauaji, Mahakama Kuu, kama mnavyotaka. Desemba 2021 akapatikana na hatia ya kuua bila kukusudia, na Februari 2022 akafungwa miaka mitano. Nchi ikapiga kelele. Mitano kwa roho kumi, yaani miezi sita kila mtoto. Hesabu hiyo inauma, na mimi siitetei mbele ya mzazi yeyote.

Ila kuna hesabu ya pili ambayo hakuna aliyeipigia kelele. Toka moto ule hadi hukumu ni zaidi ya miaka minne. Na wakati huo kanuni zilizokuwa ndani ya Sheria ya Watoto ya 2001 zilisema wazi kwamba kesi ya mtoto iliyoko Mahakama Kuu isipokwisha ndani ya miezi 12 tangu ajibu mashtaka, ifutwe. Miezi 12! Kanuni ile ilikuwa pambo la kitabuni. Aliyesomewa mashtaka alikuwa msichana wa kidato. Aliyesomewa hukumu alikuwa mwanamke mzima. Sheria iliyokataza kumfunga mtoto gerezani haikuwa na mtoto tena wa kumlinda, na wazazi wa wale 10 walikuwa wamekaa na majeneza moyoni miaka yote hiyo wakisubiri mtu awaambie tu nani alifanya nini. Sasa niambieni, hapo nani alihurumiwa?

Ndiyo maana nawacheka wanaosema "tuwahukumu kama watu wazima". Tunawahukumu hivyo tayari, kwa kuahirisha. Tunamshika akiwa na sauti nyembamba, tunaitaja kesi yake na kuiahirisha, tunaitaja tena, mpaka anaota ndevu, kisha tunashangaa mahakama haijui imfanye nini.

Niliwahi kumwekea dhamana mtoto wa jirani katika mahakama moja ya hapa Pwani. Wizi wa mabavu, na panga lenyewe limo kwenye vielelezo, limefungwa gazeti. Sikuamini kwamba alionewa na mpaka leo siamini. Niliweka dhamana kwa ajili ya mamake. Siku ya kwanza alivaa suruali ya shule, kijivu, imemfunika visigino. Faili haikuonekana. Siku nyingine hakimu yuko semina. Siku nyingine askari mpelelezi amehamishiwa kaunti nyingine na hakuna aliyemwita. Ile suruali ilikuwa moja tu, ndiyo ya mahakamani, na mamake aliteremsha upindo mpaka kitambaa kikaisha. Mwisho wake ilikuwa imemfika katikati ya muundi, na karani akawa hamwiti tena "wewe mtoto".

Lakini aliyenishughulisha zaidi ni mlalamishi. Alikuwa mtu wa mjengo, na kovu lake lilianzia kiwiko likaishia karibu na kifundo cha mkono. Alitoka Mtwapa kwa matatu, na kwa kuwa benchi ni moja, ikawa anakaa hapo hapo na sisi, upande wa mshtakiwa, anagawana njugu na mamake kijana. "Dada, leo tena nimepoteza siku ya kazi," aliniambia, kama anayeomba radhi. Hakuna aliyewahi kumpigia simu kumwambia asije, kesi haitaendelea. Hakuna. Mwishowe akaacha kuja. Wengine walisema amerudi kwao bara. Kiongozi wa mashtaka akasimama, akasema shahidi hapatikani, akaiondoa kesi chini ya kifungu 87(a), kile kinachomruhusu kuacha mashtaka, na yule kijana akatoka na suruali yake fupi akaenda maskani kuwaambia wenzake kwamba korti ni hewa.

Kwa hiyo aliyekatwa hakupata haki, aliyekata hakupata adhabu, na watoto wengine wa mtaa walipata somo. Hiyo ni mahakama ya chini, foleni fupi. Ninyi mnataka kuibeba kesi kama hiyo mkaiweke kwenye foleni ndefu ya kesi za wakubwa, halafu mtegemee shahidi wa Kisauni, anayelala njia moja na nduguze mshtakiwa, awe bado yupo na bado anakumbuka miaka mitano baadaye. Mtangoja sana. Kama mnataka kijana wa panga aogope kitu, mwekeeni kesi inayoanza leo na kwisha kabla mkono wa aliyekatwa haujapona.

Na huo umri wenyewe mnaoupigania, mnafikiri unaamuliwa na nani? Na askari wa meza ya ripoti. Yule kijana wa jirani aliandikwa ana miaka 19, kwa sababu kituo hakina pa kumweka mtoto peke yake, na ukiandika 19 tatizo limekwisha. Cheti cha kuzaliwa hana, kama watoto wengi wa huku waliozaliwa mikononi mwa mkunga. Mamake alileta kadi ya kliniki iliyoliwa na mende nusu. Basi akapelekwa hospitali kupimwa umri, daktari akamfungua kinywa akamtazama magego kama mnunuzi wa mbuzi wa Idd, akaandika "kati ya 15 na 17". Hiyo ndiyo 18 ya wazungu mnayotaka kuifuta. Huku kwetu haijawahi kusimama vizuri.

Kuna aliyesema kwenye grupu kwamba India waliamka. Waliamka kweli. Baada ya unyama wa Delhi wa Desemba 2012, msichana alipobakwa na genge ndani ya basi mpaka akafa, mmoja wa washtakiwa alikuwa na miezi michache tu kabla ya 18, akapewa miaka mitatu ya nyumba ya kurekebishia tabia, na alipotoka Desemba 2015 bunge likapitisha sheria: wa miaka 16 hadi 18, kwa makosa mazito, anaweza kushtakiwa kama mkubwa baada ya bodi kumchunguza. Sawa, angalau wao wana bodi, sisi tuna magego. Lakini tazameni na tarehe: yule mdogo alihukumiwa Agosti 2013, miezi minane baada ya tukio. Wakubwa wanne walionyongwa kwa kosa hilo hilo, walinyongwa Machi 2020.

Na kama kuna anayedhani sisi hatujawahi kujaribu ukali, aulizie kifungo cha "kwa hiari ya Rais". Mtoto aliyepatikana na hatia ya mauaji aliwekwa ndani mpaka Rais apendavyo, bila tarehe ya kutoka. Mahakama Kuu iliona 2017 kwamba hilo linavunja Katiba. Miaka yote hiyo kabla ya 2017 tulikuwa na adhabu hiyo kali isiyo na mwisho, na sikumbuki Kisauni ikiwa pepo ya amani.

Sigusi habari ya wanaonunua simu za wizi, ambao wote wana vitambulisho na baadhi yao wako kwenye grupu. Wala ya wanasiasa wanaowakodi vijana hao hao msimu wa kampeni.

Je, naona kuna pengo kwenye sheria? Naona. Kati ya Borstal ya miaka mitatu na gereza la wakubwa hapana kitu, na kijana wa miaka 17 aliyeua anahitaji muda mrefu zaidi ya mitatu, mahali pa peke yao, na mtu wa kumfuatilia akitoka. Mbunge akileta mswada wa namna hiyo nitautetea mpaka mnichoke. Lakini hilo halitaki kumfanya mtoto mtu mzima kwa kalamu, linataka pesa, majengo na maafisa wa probesheni, na ndiyo maana hamtalisikia jukwaani.

Mzee wetu wa grupu, nakuheshimu, na najua umezika mtu wako aliyeuawa kwa panga. Baraza la usalama la mtaa likiitishwa, usisimame kuomba sheria ibadilishwe. Simama uulize: faili ngapi za watoto zimepita mwaka mmoja hapa Mombasa? Nani kazi yake kumpigia simu aliyekatwa kumwambia kesi ni lini na imeishia wapi? Vituo vingapi vina chumba cha kumweka mtoto bila kumwandika 19? Na mkiambiwa takwimu haziko tayari, ombeni mpewe tarehe. Tarehe hawana uhaba nazo.