Una miaka 35 na valvu ya aota imekufa, unachagua ipi?

Siku hizi naona vijana wengi wakiambiwa wanahitaji kubadilishiwa valvu ya aota (ule mlango wa moyo unaotoa damu kwenda mwilini) wanakimbilia ile ya mnyama badala ya ile ya chuma, na sababu ni moja tu, ya chuma inataka umeze warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, maisha yote, na wao hawataki. Kiukweli nawaelewa. Warfarini inachosha, unapimwa INR (kipimo cha damu yako inachukua muda gani kuganda) kila mara, ikishuka damu inaganda kwenye valvu na kiharusi hicho hapo, ikipanda unavuja damu, alafu ukibadilisha tu kiasi cha mboga za majani unazokula au ukipewa antibayotiki vipimo vinayumba. Kwa dada anayetaka kuzaa ndo ngumu zaidi maana dawa hii inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Na msidhani zile dawa mpya za kuzuia damu kuganda zitaokoa jahazi, dabigatrani ilijaribiwa kwa wenye valvu za chuma, jaribio likasitishwa na matokeo yakatoka 2013, waliopata damu kuganda na kuvuja walikuwa wengi kuliko wa warfarini.

Sasa shida ya valvu ya ng'ombe au nguruwe ni kwamba kwa kijana inaisha haraka kuliko kwa mzee, inajaa kalsiamu inakakamaa, kwahiyo ukiwekewa na miaka 35 jua kabisa utarudi tena, pengine mara mbili. Watu wanasema si utapitishiwa nyingine kwa katheta (mrija mwembamba unaopitishwa kwenye mshipa) ndani ya ile ya zamani? Sawa, inawezekana, ila kila ukiweka valvu ndani ya valvu njia ya damu inapungua, na kama ya kwanza ilikuwa ndogo hapo hamna nafasi. Mimi naona hii ahadi inauzwa kirahisi mno.

Utafiti wa California uliotoka 2017 ulicheki wagonjwa wa miaka 45 hadi 54, baada ya miaka 15 waliokufa ni asilimia 30.6 kwa valvu ya mnyama na 26.4 kwa ya chuma. Tofauti sio kubwa kivile lakini ipo, na kwa wa miaka 55 hadi 64 haikuonekana. Cha kuangalia zaidi ni kwamba pande zote mbili zaidi ya robo wamefariki, na hawa sio wazee.

Kuna njia ya tatu, Ross, aliyoianzisha Donald Ross London 1967, unahamishiwa valvu yako mwenyewe ya upande wa mapafu inakuwa ya aota, na pale ilipotoka inawekwa ya marehemu aliyechangia. Warfarini huhitaji, mazoezi unapiga, na kwenye vituo vilivyobobea wagonjwa wanaishi karibu sawa na watu wengine wa rika lao. Ila wapinzani wana hoja, ulikuwa na valvu moja mbovu sasa una mbili za kufuatilia, na opereshini yenyewe ni ngumu. Kwahiyo kabla hujakubali muulize daktari ameshafanya Ross ngapi, akianza kuzunguka zunguka basi kama una nidhamu ya dawa na pa kupimia INR pako karibu, bora uchukue ya chuma.