Ilmorog Hawakupoteza Kitu

Nimesoma uchambuzi mwingine wa Petals of Blood, riwaya ya Ngũgĩ wa Thiong'o, na sentensi ni ileile: watu wa Ilmorog, kijiji cha riwaya hiyo, eti "walipoteza utamaduni wao" maendeleo yalipowafikia. Walipoteza! Kama mtu aliyeangusha funguo njiani.

Hebu tuirudie Theng'eta, pombe ya jadi ya kijiji. Bibi mzee Nyakinyua anaipika kwa nafaka na kimmea cha porini, inanyweka kwa heshima yake, na usiku huo watu wanatoa yaliyowakaa rohoni miaka na miaka. Baadaye inafika barabara kuu, inafika benki na mikopo yake, na mashamba ya walioshindwa kulipa yanapigwa mnada. Mwisho wa yote Theng'eta ni kampuni inayojulikana hadi ng'ambo, wakurugenzi wake matajiri Kimeria, Chui na Mzigo. Jina la kinywaji hawakulibadilisha. Walibadilishie nini, na ndilo linalouza? Utamaduni uko palepale, umetiwa kwenye chupa. Aliyeondolewa ni bibi aliyeujua, na udongo aliokuwa akiulima ukatangazwa mnadani. Huo ni unyang'anyi wenye leseni, na mchambuzi anayeuita upotevu anawafichia wezi nyayo.

Haya, nikubali: biashara ya Theng'eta ilianzishwa na Wanja, mjukuu wa Nyakinyua, na Abdulla mwenye duka, wala hawakushikiwa bunduki. Lakini wao walikuwa na kijiduka chao, na leseni ikaishia mikononi mwa wakubwa.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba wachambuzi hao hao wakifika kwenye ukame unaoipiga Ilmorog wanauweka kando, kana kwamba ni mapambo ya hadithi. Ngũgĩ, mwaka 1977, alimpa mzee wa kijiji maneno ya wazi kabisa: misitu ndiyo iliyokuwa ikiita mvua, na misitu hiyo ililiwa na reli. Mkoloni alikata miti kulisha garimoshi; warithi wake wakachukua shamba, kisha kinywaji. Mkono ni uleule. Utatenganishaje sura ya mazingira na sura ya utambulisho hapo?

Kosawa, kijiji cha How Beautiful We Were, riwaya ya Imbolo Mbue (2021), nacho kina mafuta yanayovuja na watoto wanaozikwa, na wasomaji wengi wanaijadili riwaya hiyo kama riwaya ya uchafuzi tu.

Ngũgĩ naye anastahili lawama yake. Karega, mwalimu wake anayegeuka kiongozi wa wafanyakazi, anahutubu mno, na kuna kurasa nilizozipita haraka bila aibu. Yule mzee wa reli hakuhitaji hata ukurasa mmoja.