Nilivyotafuta Tundu la Mafuta Mbele ya Kadamnasi

Kwa kuwa shemeji yangu ameshairusha video katika kundi la Watanzania wa Michigan, na kwa kuwa tangu Jumamosi kila anayenipigia simu anacheka kabla ya kusalimu, naona ni haki yangu kuieleza habari hii kwa ukamilifu, maana video yenyewe inaanzia pale ambapo heshima yangu ilikuwa imekwisha kuondoka.

Gari mnalijua. Ni ile Chevrolet Bel Air ya 1956, ya milango minne, ambayo nimewachosha nayo kwa picha. Hiyo milango minne ndiyo iliyoniwezesha kulinunua, kwa sababu wakusanyaji hukimbilia ya milango miwili na ya paa la kukunja, na bei zake hupanda ipasavyo. Lakini kilichoniteka ni kwamba hakuna fundi aliyewahi kulirembesha. Rangi ya paa imesuguliwa miaka na miaka hadi ile ya chini, ya kijivu, inachungulia. Pale dereva anapoegemeza kiwiko, bati limebaki tupu na linang'aa. Na ukifungua mlango unapokewa na harufu ya vitambaa vikuukuu iliyochanganyika na oili. Rangi mpya hununuliwa siku yoyote, ila ya kiwandani ikishakwanguliwa haina pa kurudi. (Ninyi mnaoniandikia kwamba nimenunua skrepa, someni tena sentensi hiyo.)

Hotuba hiyo nilimpa shemeji njia nzima tukielekea barabara ya Woodward, kwa kuwa ilikuwa Jumamosi ya tatu ya Agosti, siku ya Woodward Dream Cruise, ambapo tangu 1995 magari ya zamani humiminika hapo kwa maelfu, na wazee wa Detroit na vitongoji vyake hujipanga kando ya barabara kwenye viti vya kukunja, wakikagua kila linalopita. Nilimwambia kwamba hakuna skrubu ya gari hili nisiyoijua. Aliyeniuzia alinikabidhi tangi likiwa limejaa, kwa hiyo hadi saa hiyo hapakuwa na kitu cha kunikanusha.

Mshale wa mafuta ulipolala, nikaingia sheli. Nikapitisha kadi, nikachomoa bomba, nikauendea ubavu wa kulia kwa mwendo wa mtu anayejua anakokwenda. Palikuwa na bati tu. Nikatabasamu, nikahamia kushoto, na huko nako palikuwa na bati tu, kutoka taa ya mbele hadi ya nyuma. Nikaanza kulizunguka gari nikiwa na bomba mkononi, kama mganga anayezindika nyumba, mpaka mpira wa bomba ukaisha urefu na kunirudisha kinyumenyume. Hapo ndipo nilipomwona mzee mmoja akigeuza kiti chake kutoka barabarani kunielekea mimi. Jirani yake naye akageuza.

"Shemeji, liko nyuma ya kibao cha namba," akasema shemeji kwa uhakika, na ni kweli kwamba magari mengi ya Kimarekani ya miaka iliyofuata yaliwekewa hapo. Akavuta. Nati yenye kutu ikakatika, kibao kikabaki mkononi mwake, na nyuma yake palikuwa na chuma kitupu. Nikafungua buti, nikaona tairi la akiba. Nyuma yangu honi ikalia, ya adabu, fupi. Pampu ikachoka kunisubiri, ikajizima, na skrini yake ikaanza kunitangazia soda. Nami, mbele ya viti vyote vile, ambavyo sasa hakuna hata kimoja kilichokuwa kimeelekea barabarani, nikafungua boneti.

Kicheko mnachokisikia kwenye video ni cha wakati huo.

Mzee wa kwanza akainuka, akaja na mkongojo wake polepole, akanipita bila kunitazama, akainama kwenye taa ya nyuma ya kushoto, akazungusha kitasa kidogo ambacho nilikuwa nimekisugua na kukipiga picha nikidhani ni pambo. Taa nzima ikalala chini, na nyuma yake ukatokea mfuniko wa tangi. Akanieleza kwamba Cadillac walikuwa wakificha tundu chini ya taa tangu 1941. Kisha akaniuliza kwa upole kama gari nimeliazima, nami, Mungu anisamehe, nikajibu kwamba ndiyo.

Tukajaza, wakatupigia makofi, tukaondoka. Gari silipaki rangi, msiniulize tena. Na mnapoitazama hiyo video, mwulizeni shemeji kwa nini ameikata pale anapovuta kibao, na kwa nini alirudi nyumbani kiatu chake kimoja hakina kamba, ilhali kibao changu kimefungwa kwa fundo zuri sana la kamba nyeupe.