Usajili wa dogo langu na hela tunayoitupa mchangani

Juzi tumemsajili dogo letu kwenye timu ya mtaa tunaokaa hapa Dortmund, ana miaka 12, wakataka picha, cheti cha kuzaliwa na saini ya mzazi, siku chache tu jina lake likawa kwenye mfumo, timu gani, kaanza lini, kazaliwa lini. Timu yenyewe ya kawaida kabisa jamani, kocha ni fundi bomba, kifuani kwenye jezi wameandika duka la mikate la hapo kona. Nilifurahi sana, halafu hasira ikanipanda.

Maana sisi nyumbani Tanzania tukiongelea biashara ya mpira tunaishia juu tu. Haki za matangazo, televisheni ya Azam na shirikisho letu la soka TFF 2021 walisaini shilingi bilioni 225.6 kwa miaka 10, na hilo najivunia mbele ya Mjerumani yeyote. Wadhamini wapo, jezi zinauzwa, viingilio vya dabi ya Simba na Yanga pale uwanja wa Mkapa mnavijua. Ila hela ya kumlea mchezaji hatuigusi kabisa.

Kanuni ya FIFA iko hivi, mchezaji akiuzwa nje ya nchi, asilimia 5 ya ada ya uhamisho inagawiwa timu zilizomlea kuanzia msimu aliotimiza miaka 12 mpaka wa 23. Msimu mmoja wa umri kati ya miaka 12 na 15 unapata asilimia 5 ya hilo fungu, kuanzia 16 ni asilimia 10. Dogo akiuzwa euro milioni 10, timu iliyokaa naye misimu minne ya mwanzo inapata euro laki moja. Kwa hela yetu inapita milioni mia mbili! Unalipa makocha, unanunua mipira, unazungushia uwanja ukuta kabla haujageuka gereji. Sharti lake awe amesajiliwa, na timu itambulike na shirikisho. Tangu mwishoni mwa 2022 FIFA wana ofisi Paris inayolipa hizo hela, na wanaangalia rekodi za usajili, hawaji kumuuliza mjumbe wa mtaa nani alimfundisha huyu kupiga chenga.

Mshambuliaji wetu Samatta alivyotoka Genk ya Ubelgiji kwenda Aston Villa ya England Januari 2020 tulishangilia nchi nzima. Wanaokuja nyuma yake wako Mbagala, Tandika, Manzese pale Dar sasa hivi, wana miaka 14, wanacheza ndondo, mechi za mtaani, umati umejaa, na majina yao yako kwenye daftari la kocha basi.

Najua mtasema huyu kashiba soseji za Wajerumani anatudharau. Simdharau mtu, mimi nimecheza Tandika peku, kocha wetu alikuwa anatutolea nauli mfukoni kwake, ndo maana inaniuma. Mwingine atasema wenzetu matajiri. Picha, cheti na kompyuta moja vinataka utajiri gani? Na wewe utakayeniambia vyeti vyenyewe watu wanadanganya umri, hapo nakubali, lakini ndo sababu ya kumsajili akiwa na 12, kabla hajaona faida ya kujipunguzia miaka.

AFCON 2027, kombe la mataifa ya Afrika, inakuja kwetu, Kenya na Uganda, maskauti watakuwepo. Viongozi wa timu za mchangani, hizi za mtaani, nendeni chama cha soka cha wilaya, isajilini timu, halafu madogo mmoja mmoja, na nakala za karatasi mtunze wenyewe. Kocha wangu wa Tandika bado anafundisha, nimeshamwambia gharama za usajili za timu yake nalipa mimi.