Miezi sita bila hata maji, mama hawezi peke yake

Kila mwaka kuanzia Agosti 1 mpaka 7, wiki ya unyonyeshaji duniani, tunasikia ujumbe uleule, mama nyonyesha, mama maziwa yako yanatosha, mama usimpe mtoto maji. Ujumbe ni wa kweli na mimi nausimamia kabisa. Shida yangu ni huyo anayeambiwa. Anaambiwa mama peke yake, na kwa jinsi ninavyozijua nyumba zetu za Kitanzania, mwanamke aliyejifungua juzi ndo mtu asiye na sauti kuliko wote mle ndani, hasa kama ni uzazi wa kwanza.

Tuelewane kwanza. Miezi sita ya mwanzo mtoto ananyonya tu, hapewi maji, hapewi uji, hapewi maziwa ya ng'ombe wala ya kopo, labda dawa aliyoandikiwa hospitali au ORS akiharisha. Baada ya hapo anaanza kula huku anaendelea kunyonya mpaka miaka miwili au zaidi. Ndo Shirika la Afya Duniani linavyosema na ndo manesi wanavyotufundisha kliniki. Na wamama wanasikia jamani, tusiwasingizie. Utafiti wa kitaifa wa 2004-05 ulikuta watoto wa chini ya miezi sita wanaonyonya tu ni 41 kwa kila 100, wa 2015-16 ukakuta 59, wa 2022 ukakuta 64. Hayo ni maendeleo makubwa, lakini humo ndani kichanga wa wiki mbili anahesabiwa pamoja na wa miezi mitano, na ukimtafuta huyo wa miezi minne na mitano peke yake unakuta wengi walishaonjeshwa vitu zamani.

Sasa katikati hapo huwa kunatokea nini? Mtoto analia. Yaani ni hivyo tu, mtoto analia usiku na nyumba nzima inaamka. Bibi anasema huyu hashibi, wifi anasema maziwa yako mepesi, jirani asubuhi anasema huyo ana chango mtafutieni dawa, mwingine anasema joto lote hili la Dar mnamnyima mtoto maji, koo limemkauka. Na hakuna hata mmoja anayesema kwa ubaya, wote wanampenda mtoto. Mama mkwe amesafiri toka mkoani kuja kukulea uzazi, anakukanda maji ya moto, anakupikia mtori, amelea watoto wake wote kwa maji ya uvuguvugu na uji mwepesi na wamekua, halafu wewe binti wa juzi umwambie mama hapana? Kwa malezi yetu hiyo haitoki mdomoni. Unanyamaza, kijiko kinaingia mdomoni mwa mtoto, na kliniki ukiulizwa unajibu ananyonya tu.

Halafu kuna kitu ambacho watu wengi hawakijui na mimi naona ndo kiini cha mambo yote. Ziwa linatengeneza maziwa kwa kadri mtoto anavyonyonya, akinyonya mara nyingi mwili unatengeneza mengi, akinyonya kidogo mwili nao unapunguza. Kwa hiyo ukimpa maji, kale katumbo kadogo kanajaa, hanyonyi vizuri, ziwa linapunguza, na baada ya siku kadhaa kweli kabisa maziwa yanakuwa machache, mtoto analia kweli kwa njaa, na yule aliyesema hashibi anaonekana alikuwa sahihi tangu mwanzo. Kumbe maziwa yalipungua kwa sababu ya yale maji. Na kiu nayo haipo, maana karibu asilimia 87 ya maziwa ya mama ni maji, hata kwenye joto la Dar mwezi wa pili yanamtosha. Ukitaka kujua mtoto anashiba usiangalie kilio, angalia nepi, mtoto anayeshiba anakojoa mara sita na zaidi kwa siku, na uzito wake kwenye kadi unapanda.

Kuna na hili la kubemenda, ambalo semina nyingi zinaliruka kwa aibu. Watu wanaamini wazazi wakikutana kimwili wakati mama ananyonyesha, maziwa yanaharibika na mtoto anadhoofika. Matokeo yake mtoto akiugua akipungua uzito mtaa mzima unawatazama wazazi, mama anaona haya hata kwenda kliniki, wengine wanaamua kumwachisha mtoto haraka ili wawe huru kwenye ndoa yao. Inaniuma sana hii, kwa sababu hakuna kitu kinachoingia kwenye maziwa kwa njia hiyo. Tena ndani ya ile miezi sita, kama mama hajaona siku zake na mtoto ananyonya tu usiku na mchana, uwezekano wa kushika mimba hauzidi 2 kwa 100. Baba na mama wangekalishwa pamoja wakaambiwa hivyo, hofu yote hiyo ingepungua.

Na mama anayeishi na VVU mzigo wake ni mzito zaidi. Akiwa anatumia dawa zake vizuri anashauriwa anyonyeshe maziwa yake tu miezi sita, maana kumchanganyia mtoto vyakula mapema kunaweza kuuchubua utumbo na kuongeza hatari ya maambukizi. Sasa fikiria hajamwambia mtu pale nyumbani, na kila siku bibi anauliza kwa nini hutaki apewe maji, una nini wewe. Huyo unamsaidiaje kwa bango la hospitali?

Ndo maana mimi naamini kinachomfanya mama aweze ni nani yuko naye nyumbani, kuliko mambo mengi tunayoyahubiri. Majirani zetu Uganda, kule Mbale, walijaribu kitu rahisi sana, matokeo yakachapishwa 2011. Wanawake wa hukohuko kijijini walifundishwa kisha wakawa wanamtembelea mama nyumbani kwake, si chini ya mara tano, kuanzia akiwa mjamzito. Mtoto alipofika wiki 12, waliotembelewa walikuwa wananyonyesha tu 82 kwa 100, wasiotembelewa 44. Karibu mara mbili! Hawakupewa hela wala mashine, walipata mtu wa kuja kukaa nao mkekani na kuwaangalia wanavyompakata mtoto.

Mimi mwenyewe kwenye uzazi wangu wa kwanza aliyenitetea alikuwa mume wangu. Alikuwa ameingia na mimi kliniki, kasikia kwa masikio yake, kwa hiyo mama yake alipoanza habari za maji yeye ndo alisema, mama tumeambiwa hivi na hivi, naomba tujaribu. Kutoka kwa mtoto wake wa kumzaa yule mama alipokea, ingetoka kwangu ingekuwa ni dharau na maneno yangefika mpaka kijijini. Sasa sheria inampa baba likizo ya siku tatu tu mkewe akijifungua, siku tatu hata maziwa kwa wamama wengine hayajaanza kutoka vizuri!

Kazini nako ndo usiseme. Sheria ya kazi ya 2004 inampa mama siku 84 za likizo, 100 kama ni mapacha, ambazo kwa mtoto mmoja hazifiki hata miezi mitatu, halafu tunamwambia anyonyeshe sita. Ni kweli sheria inampa pia mpaka saa mbili kwa siku za kunyonyesha, lakini mtu anafanya kazi Posta anakaa Chanika, hizo saa mbili zinaishia kwenye foleni. Angalau angepata chumba kidogo chenye mlango na friji akamue maziwa, maana yakikaa vizuri kwenye friji yanafika siku nne, ila ofisi nyingi kinachopatikana ni choo, na nani anataka chakula cha mtoto wake kiandaliwe chooni? Kenya sheria yao ya afya ya 2017 inamtaka mwajiri atenge chumba cha kunyonyeshea, na sisi tuige. Hao hao Wakenya, watoto wao wa chini ya miezi sita wanaonyonya tu walitoka 32 kwa 100 mwaka 2008-09 wakafika 61 mwaka 2014, na katikati hapo walipitisha sheria ya kubana matangazo ya maziwa ya kopo. Wamama waliobaki, mama ntilie, muuza mboga, dada wa kazi anayejifungua na kurudi kazini mtoto mchanga kabisa, hao likizo wanaisikia tu kwenye redio.

Ombi langu kwa kliniki zetu ni hili. Mama akifika mwezi wa nane wa ujauzito aulizwe, nani anakuja kukulea uzazi? Huyo mtu aitwe, awe bibi, shangazi au mama mkwe, apewe kiti na aelezwe kwa heshima, siyo kwa kusemwa kwamba zamani mlikosea. Aonyeshwe nepi inavyosomwa, aelezwe habari ya ziwa na maji, na aambiwe kazi yake bado ipo tena kubwa, kukanda, kupika, kufua, kumbeba mtoto akishanyonya ili mama alale hata saa moja, maana mama aliyechoka na kukosa usingizi ndo huyo saa nane za usiku anakubali kijiko cha kwanza.