Mshahara wa afisa ndio mradi wenyewe

Likitajwa shirika la maendeleo la mkoani, hakosi mtu wa kuuliza: katika kila shilingi mia, ngapi zinamfikia mwananchi? Wengi wanaouliza wana uchungu wa kweli. Wameona mabango ya miradi yakibaki yamesimama barabarani wakati mradi wenyewe hakuna anayeukumbuka. Hata hivyo, kwa kazi ya maendeleo ya jamii naliona swali hilo limekaa vibaya, kwa sababu linahesabu mshahara wa mfanyakazi kuwa hela iliyopotea njiani. Kazi hii kwa sehemu kubwa ni huyo mfanyakazi. Ukimtoa, sijui ni kitu gani kitakachomfikia huyo mwananchi.

Chukua Kisiki Hai ya Dodoma. Tangu 2018 LEAD Foundation, shirika la huko huko mkoani, likishirikiana na Justdiggit ya Uholanzi, limekuwa likiwahimiza wakulima kuirudisha miti kwa mbinu isiyohitaji hata mche mmoja. Visiki vya miti iliyokatwa zamani bado vina mizizi hai ardhini. Mkulima anachagua machipukizi machache yenye nguvu, anapogoa mengine, anaweka alama asije akayafyeka wakati wa palizi, kisha anayalinda. Hakuna kitalu, hakuna lori la miche, hakuna pampu ya maji. Sasa niambie, bajeti ya kazi ya namna hiyo itaandikwa nini zaidi ya watu na mafuta ya kuwafikisha vijijini?

Na watu hao hawaendi kumfundisha mkulima wa Mpwapwa au Kongwa kushika panga. Ugumu uko kwingine. Baada ya mavuno mifugo huachiwa mashambani, na mbuzi hana habari na alama ya mtu. Machipukizi ya shamba moja yanategemea makubaliano ya kijiji kizima, wakulima na wafugaji, na pengine sheria ndogo inayopitishwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Kufika hapo kuna ngazi zake: barua halmashauri, hodi kwa mtendaji wa kata, kisha mtendaji wa kijiji, mwenyekiti, halafu vitongoji kimoja kimoja. Na yuko mzee asiye na cheo chochote ambaye akinuna yeye, mkutano hauna akidi. Jina lake halimo kwenye andiko la mradi. Analijua afisa aliyekaa wilayani miaka kadhaa, na aghalabu dereva wake alilijua kabla yake.

Madereva wa mashirika wanastahili makala yao peke yao. Wakati afisa yuko ndani anafungua kikao kwa itifaki, dereva yuko nje chini ya mti na vijana, na huko ndiko yanakosemwa ambayo ndani hayasemeki: kwamba mwenyekiti ana kesi ya shamba na nusu ya kitongoji, au kwamba kikundi kinachosifiwa kwenye ripoti hakijakutana tangu kiangazi. Afisa mwenye akili huuliza habari hizo njiani wakirudi. Asiye na akili huweka simu masikioni.

Halafu yuko mhasibu, ambaye hakuna anayempiga picha. Mashine za EFD, zile za kutoa risiti za kielektroniki, zilipoingia nchini 2010, nia ilikuwa njema. Ila mama lishe aliyewapikia wanakikundi arobaini wali na maharage hana mashine hiyo, wala kijana wa bodaboda aliyempeleka afisa kitongojini. Mkaguzi wa mfadhili anataka risiti ya EFD. Mhasibu akifuata kanuni kwa ukali, chakula kitanunuliwa mjini kwa bei mara mbili, na hela ambayo ingebaki kijijini inaondoka. Akilegeza, anakosea mbele ya ukaguzi. Wengi huishi katikati hapo mwaka mzima, na stakabadhi za mkono na karatasi za saini, wakiandika maelezo ya kila elfu tano. Nani anaiita kazi hiyo maendeleo? Kwenye bajeti inaitwa gharama za uendeshaji, na ndiyo ya kwanza kukatwa.

Kuhusu kukatwa, Marekani kwa miaka mingi ilikuwa na kanuni kwamba shirika linalopokea ruzuku yake bila makubaliano maalumu linaweza kudai gharama zisizo za moja kwa moja, kama za ofisi na uhasibu, hadi 10% juu ya gharama za moja kwa moja za mradi. Oktoba 2024 kiwango kikapandishwa hadi 15%. Watu wa ofisini walifurahi. Miezi michache baadaye, Januari 20, 2025, ikatoka amri ya kusitisha misaada ya nje, na kufikia Julai 1 mwaka huohuo USAID, shirika la misaada la Marekani, ilikuwa imefungwa rasmi. Tuliisoma habari hiyo kama habari ya dawa na vyakula, na ilikuwa hivyo kweli. Lakini waliopokea barua za kusitishiwa mikataba walikuwa pia ndio wenye namba za simu za wenyeviti wa vijiji. Fedha inaweza kurudi kutoka kwingine. Afisa aliyekwishafungua duka la pembejeo au kuhamia mji mwingine, sidhani.

Sheria yetu ya mashirika yasiyo ya kiserikali ya 2002 inaruhusu kusajiliwa kwa ngazi ya wilaya, mkoa, taifa au kimataifa, na maumivu hayagawanyiki sawa. Shirika la kimataifa linapata ruzuku, linalipa ofisi yake kwanza, kisha linalipa la mkoani kwa shughuli: semina kadhaa, vikundi kadhaa vya kuweka na kukopa, vitabu kadhaa vya hisa vya vikundi hivyo. Mkataba ni wa mwaka mmoja, wa afisa nao hivyohivyo. Akishaivishwa na vijiji, akishajua namna ya kukaa na kikundi cha hisa siku wanayogawana bila ngumi kurushwa, anachukuliwa na shirika kubwa kwa mshahara ambao wa mkoani hawawezi kuugusa. Simlaumu, ana watoto. Vijiji vinaletewa mwingine, vianze kumfundisha upya.

Tony Rinaudo, Mwaustralia aliyeieneza mbinu hii ya visiki, alifika Niger mwanzoni mwa miaka ya 1980 kama mfanyakazi wa misheni, akaanza kwa kupanda miche, na mingi ikafa. Visiki alikuja kuvitambua 1983. Akaendelea kukaa huko hadi 1999. Kwa mikataba yetu ya leo angekuwa ameshaandika ripoti ya kufunga mradi, yenye sura ya changamoto na mafunzo yaliyopatikana, na kupanda ndege kabla hajakitazama kisiki hata kimoja.

Nisieleweke kwamba nawatetea wote. Yapo mashirika ambayo Land Cruiser inajua njia ya Morogoro na Bagamoyo kwenye warsha kuliko njia ya kata yoyote. Posho imewaharibu wengi, na imewaharibu wanavijiji pia, ambao sasa huuliza kuna nini kabla ya kuuliza kunahusu nini. Hasira ya watu dhidi ya hayo ni halali. Ila tazama inakoangukia: mfadhili akisikia kelele za matumizi mabaya hapunguzi warsha, kwa kuwa warsha imeandikwa kama shughuli na ina orodha ya mahudhurio. Anapunguza mishahara ya wanaokaa wilayani. Warsha inabaki, anayetakiwa kuyafanyia kazi yaliyosemwa warshani anaondoka.

Ndiyo maana siku hizi nikiletewa ripoti ya mwaka ya shirika la mkoani, idadi ya wanufaika naipita haraka. Natafuta ukurasa wa wafanyakazi, na mara nyingi haupo. Ipo picha ya mkurugenzi na ya mwenyekiti wa bodi. Ningependa kuona dereva, mhasibu na maafisa wa kata, na mbele ya kila mmoja miaka aliyokaa kwenye wilaya ile. Mfadhili anayetaka kipimo cha haraka aanze na safu hiyo, kisha aulize mshahara wa nani unaishia Desemba.