Unga ulilimwa wapi, na Tanga aliupokea nani?

Ukianzia Moa kule Mkinga ukashuka hadi Kipumbwi, Pangani, pwani ni mikoko, vijito na bandari bubu. Habari ya jahazi lililokamatwa na unga, yaani heroini, ikifika barazani, mtu huuliza, "Umetoka wapi huo?" Jibu ni la mazoea: Afghanistan, kisha pwani ya Makran kule Iran na Pakistan, kisha huku kwetu. Maabara inaweza kulipima jibu hilo bila kumbana nahodha.

Kinachopimwa ni isotopu tulivu, yaani atomi za aina moja zinazopishana uzito. Kaboni haina uzito mmoja: karibu atomi 1.1 katika kila 100 ni nzito kidogo, ndiyo kaboni 13. Nitrojeni, haidrojeni na oksijeni nazo zina nzito zake, na mmea huzibeba kulingana na hewa, maji na udongo wa ulikoota. Mtu wa Tanga hana haja ya kwenda mbali kulielewa hili. Mhindi na mhogo wa shamba moja la Muheza hutofautiana kaboni, maana kila mmoja hunasa hewa kwa njia yake. Mvua ya Lushoto nayo huwa nyepesi kuliko ya Raskazone pwani, kwa kuwa wingu likipanda mlima hutangulia kudondosha maji mazito. Ni kipimo hiki hiki kinachoumbua asali iliyotiwa sukari ya miwa.

Wanaokitetea wana hoja nzito. Mwaka 2000 James Ehleringer na wenzake walichapisha katika jarida la Nature matokeo ya sampuli 200 za majani ya koka, mmea wa kokeini, kutoka Bolivia, Colombia na Peru. Walipounganisha kaboni, nitrojeni na alkaloidi (kemikali za mmea) mbili ndogo, walipatia asili ya asilimia 96 ya sampuli hizo.

Kwa pwani yetu kuna sababu mpya zaidi. Aprili 2022 Taliban walipiga marufuku kilimo cha mpopi, mmea unaotoa heroini, na mwaka uliofuata Umoja wa Mataifa ukakadiria kimeshuka kwa asilimia 95. Myanmar ikashika nafasi ya kwanza. Jibu la barazani basi huenda limeshachakaa. Isitoshe, siku hizi heroini haisafiri peke yake. Kilo 3,182 zilizokamatwa Dar es Salaam na Iringa Desemba 2023 zilikuwa heroini na methamfetamini, na isotopu husaidia kujua kama methamfetamini ilianzia kwenye mmea wa efedra au kwenye kemikali za kiwandani.

Lakini heroini si jani la koka. Mofini ya mpopi hupikwa na kemikali iitwayo anhidridi ya asetiki ili iwe heroini, nayo kemikali hiyo huingiza kaboni yake ya kiwandani. Wapimaji hulazimika kuiondoa kwanza, au kuegemea nitrojeni ambayo upishi huo hauigusi. Na hata namba zikitoka safi, lazima ziwe na cha kulinganishwa nacho. Heroini ya meli Pong Su ya Korea Kaskazini, iliyokamatwa Australia mwaka 2003, haikufanana na kundi lolote lililojulikana. Sayansi iliweza kusema hautoki huku wala kule. Unatoka wapi, haikuweza. Mimi naiona hiyo kama heshima ya kipimo, ila mwendesha mashtaka mwenye haraka hataiona hivyo.

Kinachonikera mimi ni kingine. Nitrojeni haimjui aliyeupokea mzigo usiku, wala mwenye nyumba ulikolazwa, wala anayewafungia mateja kete. Na kete yenye unga wa shehena mbili itatoa wastani usio wa shamba lolote. Huko mtaani ningetanguliza kulinganisha masalia ya upishi na vichanganyio, kazi rahisi zaidi inayoweza kuunganisha kete na mzigo wake.

Kwa shehena kubwa, nipo upande wa isotopu. Si lazima tuanze na mashine. Mzigo ukishapita mahakamani huteketezwa, na ushahidi wa ulikolimwa huondoka na moshi. Zibaki gramu chache kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, zimefungwa vizuri, zimeandikwa tarehe na sehemu ya bahari ulikonaswa, na nyingine zipelekwe kwenye maabara yenye sampuli za Afghanistan na Myanmar za kulinganishia.